Kwa wenye mabasi: mtungi ule si wa trafiki

Barua ya wazi kwa waheshimiwa wamiliki wa mabasi ya abiria nchini Tanzania; kwa madereva, makonda na mafundi wao; na kwa maofisa wanaoyakagua mabasi hayo.



Anayewaandikia ni abiria. Amepanda mabasi yenu kwa miaka mingi, kuanzia yalipokuwa yakiondokea Ubungo hadi sasa yanapoondokea Mbezi, katika Kituo cha Magufuli. Anajua bei ya dizeli inavyowabana, anajua tairi moja la basi linagharimu nini, na anajua kwamba wengi wenu mmenunua magari kwa mkopo ambao benki hailali kuudai. Haandiki kwa chuki. Anaandika kwa sababu ya neno moja aliloambiwa safarini, neno ambalo tangu siku ile limekataa kumtoka kichwani.

Alikuwa amepata siti ya mbele, nyuma ya dereva, katika basi lililokuwa likielekea Kaskazini. Karibu na miguu yake kulikuwa na kizimamoto, yaani mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Kilikuwa kimefungwa kwenye chuma cha siti kwa waya ule wa kufungia nondo, mizunguko minne au mitano, na ncha zake zimesokotwa kwa koleo. Juu yake palikuwa na begi la konda na katoni ya maji. Mshale wa kipimo ulikuwa umelala kabisa upande mwekundu. Abiria huyu akamuuliza konda, kijana mstaarabu tu, kama analifahamu jambo hilo. Kijana hakuficha: “Mzee wangu, hicho ni cha trafiki.”

Kampuni hiyo haitatajwa hapa, maana abiria huyu amesikia jibu la namna hiyo kwenye mabasi mengine pia, na kuitaja moja ni kuzisafisha nyingine. Lakini tafadhali litazameni neno lenyewe. Limebeba imani kwamba chombo cha kuokoa roho 60 kipo ndani ya gari ili kionwe na askari pale kizuizini, na kikishaonwa kazi yake imekwisha.

Jumamosi ya 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kushika moto. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba tairi la basi moja lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari. Watu wasiopungua 38 walifariki, wengi wao wakiwa wameungua kiasi kwamba ndugu zao hawakuweza kuwatambua. Abiria huyu hadai kuwa mtungi wa mkono ungezuia msiba ule. Moto unaozuka baada ya mgongano wa namna ile hauna mazungumzo na mtungi wa kilo 6, na asingependa mfiwa yeyote asome hapa jambo la kumtonesha kidonda.

Moto anaouzungumzia ni ule mwingine. Gari linatembea vizuri, hakuna aliyegongwa, dereva na konda ni wazima, kisha inasikika harufu ya waya au mpira, halafu moshi mwembamba kutoka nyuma. Moto huo, katika dakika yake ya kwanza, ndio ambao kizimamoto kilitengenezwa kwa ajili yake. Ukipita hapo, magodoro ya siti, mapazia na plastiki za darini huwaka kwa pamoja na kutoa moshi wenye sumu unaomwangusha mtu kabla ndimi za moto hazijamfikia. Na basi lenu, wakati huo, huenda liko katikati ya Chalinze na Segera, njia ya zaidi ya kilomita 150. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lazima ipigwe, lakini gari la Zimamoto haliruki. Kwa dakika zile za mwanzo, zimamoto ni dereva na konda.

Hoja zenyewe ni hizi.

1. Mitungi mingi imekufa na hakuna aliyegundua. Kizimamoto cha unga si kitendawili. Ndani mna unga laini, aghalabu wa fosfeti ya amonia, na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa kuusukuma nje. Gesi ikivuja, unga hubaki mlemle. Mtungi utakuwa na uzito uleule, rangi ileile na stika ileile, ila siku ukibana kishikio hakitoki kitu. Anayejua habari hiyo ni mshale peke yake: ukiwa kwenye kijani kuna presha, ukilala kwenye nyekundu ya kushoto presha imekwisha. Kuutazama ni kazi ya sekunde mbili.

Barabara nazo zinachangia. Mtikisiko wa safari ya saa kumi na mbili, siku baada ya siku, huushindilia unga chini ya mtungi ukagandamana. Mshale unaweza kuwa kwenye kijani na bado gesi ikatoka peke yake, unga ukabaki umekaa. Ndiyo maana mafundi wengi wa vyombo hivi hushauri mtungi wa gari upinduliwe kila mwezi, ugongwegongwe kidogo kwa kiganja, mpaka unga usikike ukiteremka. Joto pia. Mitungi mingi imeandikiwa kiwango cha mwisho cha joto, kwa kawaida nyuzi 60, na basi lililofungwa vioo chini ya jua la mchana wa Dar es Salaam, mtungi ukiwa umeegeshwa pembeni ya injini, haliko mbali na kiwango hicho.

Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema. Konda anabana kishikio kidogo tu ili ahakikishe kama mtungi ni mzima. Unatoka unga, anafurahi, anarudisha pini. Hajui kwamba punje za unga zimekwama kwenye vali, vali haifungi tena sawasawa, na baada ya siku chache presha yote itakuwa imepotea kimyakimya. Mtungi uliobanwa hata kwa sekunde moja lazima ukajazwe upya. Na wale mnaobeba mitungi ya kaboni dayoksaidi, ile yenye mdomo mpana mweusi kama tarumbeta, kumbukeni kwamba kwa kawaida haina mshale. Hiyo hupimwa kwa mizani, na ikipungukiwa na asilimia 10 ya gesi yake hurudishwa kwa mjazaji.

Taratibu za Marekani, ambazo nchi nyingi zimeziiga, zinataka mtungi utazamwe kila mwezi, uhudumiwe na fundi mwenye ujuzi kila mwaka, mtungi wa unga ufunguliwe ndani kila baada ya miaka 6, na chuma chake kipimwe kwa presha ya maji kila baada ya miaka 12. Hakuna kati ya hayo linalomshinda mtu aliyemudu kununua basi.

2. Mtungi umekaa mahali pasipo na moto, na umefungwa kama mfungwa. Mabasi yenu mengi ya masafa sasa yana injini nyuma. Kutoka kiti cha dereva hadi injini ni mita kumi na zaidi, na katikati kuna abiria, mabegi, ndoo na watoto waliolala kwenye njia. Dereva ndiye wa mwisho kunusa, na mtungi uko kwake. Pigeni picha ya konda anayetaka kwenda nyuma na mtungi wakati abiria 50 wanakuja mbele.

Kuhusu waya wa nondo, abiria huyu anajua kwa nini unafungwa: mitungi huibwa. Ni kweli. Ila yapo makomeo ya chuma yenye bizimu inayofunguka kwa kidole gumba, yanaushika mtungi usiruke wakati wa breki kali na yanauachia mara moja unapohitajika. Mwizi anazuiwa na konda anayeulizwa kuhusu mtungi wake kila jioni kama anavyoulizwa hesabu ya tiketi. Waya uliosokotwa kwa koleo utamzuia konda huyohuyo siku ya moto.

3. Mikono haijafundishwa. Hapa ndipo abiria huyu anapowaomba mkae kitako, maana hata mtungi mzuri kuliko yote ni bure mikononi mwa mtu anayeyasoma maelezo kwa mara ya kwanza huku siti zinawaka.

Unga una muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Mtungi wa kilo 1, ule mdogo wa teksi, humalizika ndani ya sekunde 8 hadi 10. Wa kilo 6 huchukua sekunde 15, pengine 20. Mtu asiyejua huzimaliza zote akimwagia moshi na ndimi za juu, kwa sababu ndizo anazoziona. Aliyefundishwa husimama mita mbili tatu, upepo ukiwa mgongoni kwake, akavuta pini, akalenga shina la moto, akabana, akafagia kushoto na kulia mpaka pale chini pazimike. Vuta, lenga, bana, fagia. Maneno manne, yanaweza kuandikwa kwa rangi juu ya komeo la mtungi.

Kisha kuna boneti. Moto ukiwa kwenye injini, jambo la kwanza ambalo kila mtu hufanya ni kufungua boneti yote aone kulikoni. Hewa inaingia kwa wingi, moto unaruka usoni mwake. Boneti huachiwa kidogo tu, upenyo wa kupitisha mdomo wa mpira, au unga hupulizwa kupitia mbele kwenye rejeta au chini kwenye nafasi ya gurudumu. Mlango wa injini ya nyuma ni hivyohivyo. Maji hayamwagwi kwenye petroli wala dizeli inayowaka, kwa sababu mafuta huelea juu ya maji na kutembea nayo. Tairi lililowaka kwa sababu ya breki zilizoshika hudanganya: linazimika, watu wanashangilia, na baada ya muda linawaka tena kwa joto lililobaki ndani ya mpira. Na magari yanayotumia gesi asilia, ambayo yanaongezeka kila mwezi Dar es Salaam, yana vali ya kufunga gesi ambayo dereva anapaswa kuijua hata gizani. Moto wa gesi ukizimwa huku gesi inaendelea kutoka, kinachofuata kinaweza kuwa mlipuko.

Kabla ya hayo yote, dereva asimamishe gari, azime injini, afungue milango, na watu washuke wasogee mbali upande usio na magari. Konda ashike mtungi huku abiria wakishuka. Asiwaache ndani kwanza “azime kidogo”. Na mtungi mmoja ukiisha moto ukiwa bado unawaka, wote waondoke. Basi linakatiwa bima.

Mtauliza mafunzo hayo yatalipiwa na nani. Abiria huyu ana pendekezo ambalo litagharimu kidogo mno. Mitungi yenu inapopelekwa kujazwa upya, unga wa zamani hutolewa gereji tu. Msiutoe huko. Itisheni siku moja katika yadi zenu, mwalikeni ofisa wa Zimamoto wa wilaya, washeni moto mdogo kwenye pipa lililokatwa, na kila dereva na konda azime kwa mtungi wake mwenyewe kabla haujaenda kujazwa. Atakuwa ameusikia uzito wake, ameona unga unavyotoka kwa kishindo na unavyokwisha upesi. Kijana aliyefanya hivyo mara moja hatasema tena kwamba mtungi ni wa trafiki.

4. Moto mwingi huzaliwa gereji. Fyuzi ikiungua, pale pale huwekewa kipande cha waya, gari liondoke. Redio, televisheni, taa za rangi na soketi za kuchajia simu zinaungwa na fundi wa njiani kwenye waya ambao haukutengenezwa kubeba mzigo huo. Mpira wa dizeli unaovuja unafungwa kwa kipande cha tyubu. Kasoro ya matengenezo imewahi kuua kwingine pia: tarehe 23 Septemba 2005, karibu na Wilmer, Texas, basi lililokuwa likiwahamisha wazee kutoka katika nyumba yao ya kutunzwa, wakikimbia kimbunga Rita, lilishika moto na wazee 23 wakafa ndani. Wachunguzi wa Marekani waligundua kwamba moto ulianzia kwenye beringi ya gurudumu la nyuma ambayo haikuwa na ulainishaji wa kutosha. Abiria wengi walikuwa dhaifu, hawakuweza kushuka wenyewe upesi. Katika mabasi yenu pia wapo bibi wanaokwenda hospitali za rufaa na kina mama waliojifungua juzi.

5. Milango ya dharura. Hoja hii ni fupi. Mwaka 1988, karibu na Carrollton, Kentucky, pikapu ililigonga basi la kanisa na tangi la basi likawaka. Watu 27 walifariki, wengi wao watoto na vijana, wakisongamana kuelekea mlango wa nyuma kupitia njia nyembamba. Nyundo za vioo katika mabasi yenu mengi hazipo, vimebaki vishikizo. Zirudisheni. Na siti ya ziada iliyowekwa mbele ya mlango wa dharura itolewe, hata kama inauzwa kila siku.

6. Wale kati yenu mnaomiliki pia malori ya mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na waliofariki siku ile na wiki zilizofuata walizidi 100. Hakuna kizimamoto cha mkono kinachotosha hapo, na dereva anayebaki kupigana na petroli iliyomwagika anajitoa mhanga bure. Mafunzo yake yawe kufukuza watu, kuzuia magari na kupiga 114. Hata hivyo moto mdogo wa breki au wa kabini, ukizimwa mapema, haulifikii tangi. Makubaliano ya Ulaya kuhusu usafirishaji wa bidhaa za hatari yanataka gari la zaidi ya tani 7.5 libebe unga usiopungua kilo 12, na angalau mtungi mmoja uwe wa kilo 6. Malori yenu yanapita njia ileile wanayopita watoto wa shule. Yastahili kiasi hicho.

7. Ndugu maofisa wakaguzi, iwe ni wa Kikosi cha Usalama Barabarani, wa mamlaka ya usafiri wa ardhini (LATRA) au wa Zimamoto. Abiria huyu anaheshimu kazi yenu ya kusimama juani. Lakini swali mnaloliuliza mara nyingi ni “kizimamoto kipo?”, na konda anajibu kwa kukinyooshea kidole. Ulizeni jingine. Mwambieni akifungue akilete mkononi mwenu, mhesabu sekunde. Utazameni mshale. Upindueni mtungi, msikilize unga. Mwambieni aeleze hatua nne. Mtu akishindwa, basi lisiondoke mpaka mtungi mwingine uletwe, na faini isiwe mbadala wa mtungi, kwa sababu stakabadhi haizimi moto kule Segera.

Kwa hiyo, waheshimiwa, maombi ni haya, na yana tarehe. Wakati wa Desemba, familia nzima nzima zinapopanda kwenda Moshi, Rombo na Arusha kula sikukuu, mabasi yenu hujaa kuliko wakati wowote. Kabla ya msimu huo kila basi la masafa liwe na mitungi miwili ya unga isiyopungua kilo 6, mmoja kwa dereva na mmoja nyuma karibu na injini lakini nje ya joto lake, yote kwenye komeo la kufunguka kwa mkono. Kila mtungi uwe na kadi inayoning’inia, yenye tarehe ya kujazwa na sahihi ya aliyeutazama mwezi huo, mahali ambapo abiria anaweza kuisoma. Kila dereva na konda awe amezima moto wa pipa walau mara moja. Kabla ya kuondoka kituoni, konda atumie nusu dakika kuonyesha mitungi, nyundo na mlango wa dharura, kwa sauti ileile anayotangazia vituo vya chakula. Na mnapoagiza mabasi mapya, ulizeni bei ya mfumo wa kuzima moto unaojiendesha wenyewe ndani ya chumba cha injini; Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa tayari inautaka mfumo huo kwa mabasi mapya ya masafa, kwa hiyo watengenezaji wanao.

Wale watakaofanya hivyo watangaze. Abiria huyu ataongeza nauli kwa furaha kupanda basi lenye kadi ile, na anawajua wengi watakaofanya vivyo hivyo. Kwa upande wake, kuanzia safari ijayo, kila akipanda atainama autazame mshale kabla ya kuketi, na ukiwa kwenye nyekundu atashuka adai nauli yake. Anawaomba abiria wenzake wafanye hivyo, kwa adabu, bila kumfokea konda, maana kijana yule hakuununua mtungi na wala hakuufunga waya kwa hiari yake.

Majibu yenu yatapokelewa kwa heshima.

Wenu,
Abiria wa siti ya mbele